Sababu Isiyo na Mkosaji

Neno "sababu" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mzigo wa kwanza ni ule wa kitu kinacholeta kitu kingine, kama mvua inavyoleta matope. Wa pili ni ule wa kosa, kama mtu anapoambiwa mbele ya ukoo kwamba yeye ndiye sababu ya ndugu kutosemezana. Katika mazungumzo ya kawaida mizigo hiyo huenda pamoja bila shida, kwa kuwa mambo mengi yanayowasumbua watu huletwa kweli na watu wenzao, lakini anapougua mtoto, na hasa akiugua ugonjwa wa haraka na wa kutisha usiofanana na homa zilizozoeleka, mzigo wa pili huuburuta wa kwanza, hata swali la nini kimemsibu likageuka kabla ya jua kuchwa kuwa swali la nani amemfanyia. Wilaya za Tarime na Serengeti, ambako Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na majirani zao wameishi kwa kilimo na ufugaji pande zote mbili za Mto Mara, ni mahali panapofaa kulichunguza swali hilo. Watu wake hawaliulizi kuliko watu wengine wa Kanda ya Ziwa. Ila mkoa wao wa Mara ni mmojawapo wa maeneo machache duniani ambako wataalamu walijaribu kwa vitendo kupima chanzo cha saratani moja ya watoto, na saratani hiyohiyo imekuwa mlango wa kuzifahamu maikro-RNA, yaani vipande vidogo mno vya asidi ya ribonukleiki ambavyo kazi yake ndani ya seli ni kuzuia vitu visitengenezwe kupita kiasi au kabla ya wakati wake.

Saratani inayohusika ni limfoma ya Burkitt, ambayo hushika seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili za kupambana na maradhi. Kwa watoto wa Afrika Mashariki mara nyingi huanzia katika taya au tumboni: meno hulegea, shavu huvimba, jicho husukumwa nje, na yote hayo huweza kutokea katika majuma machache, kwa kuwa seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48, kasi ambayo ni saratani chache sana za binadamu zinazoifikia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huo kwa maandishi mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 kuelekea kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama walikuwa wameona watoto wenye uvimbe wa namna hiyo. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto, mvua na mwinuko wa nchi, kiasi kwamba ugonjwa ulionekana kukaa palepale mbu wa malaria wanapokaa. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba katika seli zilizokuzwa London kutokana na uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda wameona virusi vipya, ambavyo baadaye viliitwa virusi vya Epstein-Barr.

Mkoani Mara kumbukumbu za ugonjwa huo zilitunzwa zaidi katika Hospitali ya Shirati, iliyotokana na misheni ya Wamennonite iliyoanza mwaka 1934 kando ya ziwa. Shirati leo iko katika Wilaya ya Rorya, iliyokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, lakini katika miaka ya utafiti huo nchi ya ufukweni na milima ya Tarime zilihesabiwa pamoja kwa jina la Mara Kaskazini. Wagonjwa waliopatikana huko kati ya mwaka 1964 na 1970 walichunguzwa ili ijulikane kama hukusanyika katika vijiji vilevile na katika miezi ileile, kama inavyotarajiwa kwa ugonjwa unaotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na taarifa iliyochapishwa mwaka 1973 ilisema kwamba ushahidi wa mkusanyiko wa namna hiyo haukupatikana. Kisha, tangu mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini ili malaria ipungue na ionekane kama limfoma itapungua nayo. Ilipungua, ikafika chini kuliko ilivyowahi kurekodiwa katika eneo hilo, na baada ya ugawaji kukoma ikapanda tena. Hata hivyo wachunguzi wenyewe, walipoandika matokeo yao mwaka 1989, walieleza kwamba kushuka huko kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, na kwamba malaria yenyewe haikubaki chini kwa muda uliotarajiwa, kwa hiyo dawa isingeweza kupewa sifa yote. Unyofu huo wa kukataa kushangilia jibu ambalo halijakamilika unastahili heshima, na utakumbukwa tena katika hoja inayofuata. Utafiti mkubwa zaidi uliofanywa kati ya mwaka 2010 na 2016 nchini Uganda, Kenya na Tanzania, ukiwahusisha watoto wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, umeendelea kuonyesha kwamba uhusiano wa malaria na limfoma hiyo ni wa kweli.

Hapo ndipo ugumu wa kifalsafa unapoanza. Virusi vya Epstein-Barr vimo katika miili ya watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi duniani kote, na watoto wengi wa Afrika huvipata kwa mate kabla ya kutimiza miaka mitatu. Malaria nayo, katika nchi ya ufukweni, ilikuwa sehemu ya utoto wa kila mtu. Lakini limfoma huwapata watoto wachache tu katika kila laki moja kwa mwaka. Watoto watano wa mji mmoja wamelala chini ya paa moja, wameumwa na mbu walewale, wamekula katika sinia moja na kubadilishana mate yaleyale, kisha mmoja wao akavimba taya na wanne wakaendelea kuchunga mbuzi. Daktari anayejibu kwamba sababu ni virusi pamoja na malaria amesema kweli, na bado mama anayemsikiliza hajajibiwa, kwa sababu hakuuliza kwa nini watoto huugua, ameuliza kwa nini huyu.

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, alionyesha kwamba swali la mama huyo lina mantiki kamili. Wazande walijua vizuri kwamba ghala la nafaka huanguka kwa kuwa mchwa wamekula nguzo zake. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke wakati huohuo ambao watu fulani wamekaa kivulini chini yake. Uchawi ulikuwa jibu la kukutana kwa njia mbili, njia ya mchwa na njia ya watu, na haukuwa jibu la mchwa. John Mbiti naye, katika kazi yake ya mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika jamii nyingi alizozichunguza msiba haukubaliwi kuwa umetokea bila mtu au nguvu yenye nia iliyoutuma. Kwa hiyo anayeuliza "nani" huko Nyamongo au Mugumu hajakosa akili wala elimu. Ameshika swali la kweli na kulitafutia jibu mahali ambapo maisha yake yote yamemfundisha kwamba majibu hupatikana, yaani katika nia za watu. Kosa, kama lipo, limo katika dhana kwamba kila pengo katika mlolongo wa sababu lazima lizibwe na nia, na ni dhana hiyo ambayo elimu ya maikro-RNA inaigusa kwa namna ambayo elimu ya virusi peke yake haikuweza, maana virusi bado vinafanana na adui aliyetoka nje, na adui aliyetoka nje anaweza kudhaniwa kuwa ametumwa.

Kila seli ya mwili ina maelekezo yaleyale yaliyoandikwa katika vinasaba, lakini seli ya moyo haifanyi kazi ya seli ya ini, na tofauti hiyo hutokana na kuchagua ni maelekezo gani yasomwe na yapi yafumbwe. Maelekezo yanayosomwa hunakiliwa kwanza katika RNA mjumbe, ambayo huyapeleka nje ya kiini cha seli hadi mahali ambapo protini hutengenezwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uamuzi wote hufanyika mwanzoni, penye kunakili. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja na wenzake nchini Marekani, walionyesha katika mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita moja kwamba kipande cha RNA chenye herufi 22 tu za kikemia, kilichotoka katika jeni iitwayo lin-4, hakikuzaa protini yoyote. Kilijipachika juu ya RNA mjumbe ya jeni nyingine, lin-14, na kuizuia isitoe protini. Mnyoo uliokosa kipande hicho haukufa mara moja. Uliendelea kukua mwili, lakini baadhi ya seli zake zilirudia kazi za hatua ya kwanza ya utoto tena na tena, zikashindwa kuingia hatua inayofuata. Kwa msomaji wa Tarime, ambako marika bado ni lugha ya kueleza umri wa mtu na wajibu wake, si vigumu kuelewa jambo hilo, kwamba kuongezeka kimo ni kitu kimoja na kuvuka kutoka rika moja hadi jingine ni kitu kingine, na kwamba kuvuka kunahitaji mambo ya utoto yanyamazishwe.

Kwa miaka saba hivi ugunduzi huo ulichukuliwa kuwa ajabu ya minyoo peke yake. Mwaka 2000 kikundi cha Ruvkun kilipata kipande cha pili, let-7, na safari hii kipande hichohicho kikaonekana pia katika nzi, samaki na binadamu, jambo lililomaanisha kwamba utaratibu huu umerithiwa na wanyama tangu zama za mbali sana. Leo maikro-RNA za binadamu zinahesabiwa kwa mamia, zaidi ya nusu ya jeni zetu za kutengeneza protini ziko chini ya uangalizi wake wa kiasi fulani, na panya anayenyimwa kabisa kimeng'enya cha kuzikata kwa kipimo hufa akiwa bado kiinitete. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024 kwa kazi hiyo. Lakini sifa muhimu zaidi kwa hoja ya hapa ni udogo wa nguvu ya kila moja: maikro-RNA moja kwa kawaida haizimi jeni kama mtu azimavyo taa, hupunguza tu kiasi cha protini, wakati mwingine kidogo sana, na moja hugusa jeni nyingi huku jeni moja ikiguswa na nyingi. Afya, kwa mtazamo huu, hudumishwa na makatazo madogo yasiyohesabika yanayopishana, ambayo hakuna hata moja linaloweza kuitwa mlinzi mkuu.

Katika limfoma ya Burkitt makatazo hayo huonekana yakilegea sehemu zaidi ya moja. Seli B, zinapojifunza kutengeneza kingamwili bora, hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake ni ya hatari kwa asili, kwa kuwa hubadilisha na kusababisha mikato katika vinasaba vya seli yenyewe. Malaria inayorudi mara kwa mara huziweka seli hizo katika mafunzo yasiyokwisha, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vimelea vya malaria huchochea AID. Mojawapo ya vitu vinavyokidhibiti kimeng'enya hicho ni maikro-RNA namba 155. Watafiti walipoharibu katika panya sehemu ndogo ambayo maikro-RNA hiyo huishika kwenye ujumbe wa AID, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kimeng'enya kiliongezeka na pamoja nacho yakaongezeka makosa ya aina moja mahususi, ambapo kipande cha kromosomu chenye jeni ya MYC huvunjika na kuungwa pasipo pake, kando ya jeni za kingamwili. Kosa hilo ndilo alama ya limfoma ya Burkitt kwa watoto wa Afrika na kwingineko. MYC ni jeni inayoamuru seli igawanyike. Ikiungwa kando ya jeni ambayo seli B haiachi kuisoma, amri nayo haikomi, na mwaka 2005 ilionekana kwamba MYC huchochea kundi la maikro-RNA liitwalo 17-92, ambalo likizidi katika panya huharakisha limfoma.

Kisha kuna virusi vyenyewe. Mwaka 2004 Sébastien Pfeffer, Thomas Tuschl na wenzao walichunguza seli za limfoma ya Burkitt zilizoambukizwa virusi vya Epstein-Barr na kukuta kwamba virusi hivyo vina maikro-RNA zake vyenyewe, ikiwa mara ya kwanza jambo hilo kuonekana katika virusi vyovyote. Sasa zinajulikana zaidi ya arobaini. Ndani ya uvimbe virusi hujificha, havitoi karibu protini yoyote ambayo askari wa mwili wangeitambua, lakini huendelea kutoa maikro-RNA, ambazo mfumo wa kinga hauwezi kuziona kama unavyoona protini, na baadhi yake huyazima maagizo ambayo kwayo seli iliyoharibika ingejiua yenyewe kwa manufaa ya mwili mzima. Seli yenye MYC iliyopotoka kwa kawaida ingejimaliza. Hapa inaambiwa isubiri.

Kwa hiyo jibu la swali "kwa nini huyu" linaanza kuonekana, na ni jibu la ajabu. Katika mtoto mmoja, ndani ya seli moja kati ya mabilioni, siku moja ambayo hakuna aliyeijua, mkato ulitokea ambao ungeweza usitokee, kipande kikaungwa mahali ambapo kingeweza kutoungwa, na makatazo mawili matatu ambayo kwa watoto wengine yalitosha, kwake hayakutosha. Sehemu kubwa ya jibu hilo ni kutokuwepo: katazo lililopungua, kifo cha seli ambacho hakikutokea. Je, kitu kisichokuwepo kinaweza kuwa sababu? Wanafalsafa wamelibishania jambo hili kwa muda mrefu, wengine wakisema kwamba utupu hauwezi kuzaa kitu, lakini mfugaji wa Serengeti hana shaka nalo. Mbuzi wakiingia shamba la mahindi la jirani, mbele ya wazee itasemwa kwamba sababu ni mchungaji kutokuwepo, ingawa mchungaji hakulima, hakupanda, wala hakula hata jani moja, na atatozwa fidia kwa kutokuwepo kwake.

Mfano huo, hata hivyo, unapaswa kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mizigo miwili ya neno "sababu" inaweza kutenganishwa bila kuvunja chochote. Siku ileile mbuzi walipoingia shambani, wafalme wa Uajemi pia hawakuwepo, na dereva wa basi la Sirari hakuwepo, na wote hao kama wangekuwepo wangeweza kuwafukuza mbuzi. Hakuna anayewataja, kwa sababu hawakuwa na wajibu wa kuchunga. Kutokuwepo kwa mchungaji kunahesabiwa kuwa kosa kwa kuwa alipewa kazi, aliijua, na aliweza kuitimiza. Ondoa wajibu, ujuzi na uwezo, na kinachobaki ni sababu tupu, ambayo inaeleza lakini haishtaki. Maikro-RNA namba 155 ni mlinzi kwa maana ya kwanza na si kwa ya pili: bila hiyo mambo huharibika, na bado haikuajiriwa na mtu, haikulala zamu, haikupokea rushwa. Mama aliyeambiwa kwamba ujauzito wake ulikuwa na mwiko uliovunjwa, mke mwenza anayetazamwa kwa jicho baya, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mkono wa kufika ndani ya seli ile wala njia ya kujua kwamba seli hiyo ipo. Hii si huruma inayowekwa juu ya ukweli ili kuupunguzia makali. Ndiyo maana halisi ya kile ambacho sayansi imekipata.

Atakayepinga atasema kwamba jibu la namna hii limebadilisha tu jina, kwamba palipokuwa na mchawi sasa pamewekwa bahati, na kwamba Mzande akisikia habari za mkato uliotokea kwa nasibu atauliza tena ni nani aliyeielekeza nasibu. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linaichukulia bahati kana kwamba ni nguvu inayotenda, ilhali kusema kwamba jambo limetokea kwa bahati mbaya ni kukataa kumtaja mtendaji pale ambapo hakuna dalili yake. Wachunguzi wa Mara Kaskazini waliotafuta mkusanyiko wa wagonjwa na kutoupata walikuwa, bila kukusudia, wameipima dhana ya nia kwa kipimo kimojawapo kinachowezekana, kwa sababu chuki kati ya watu ina anwani, hukaa katika boma hili na lile, hupanda baada ya ugomvi wa mipaka na kushuka baada ya suluhu, na kama ingekuwa ndiyo inayowachagua watoto ingetarajiwa kuacha alama yake katika vijiji na miezi.

Makanisa yana sehemu kubwa katika maisha ya wilaya hizi mbili, Wakatoliki, Waadventista, Wamennonite na Wapentekoste wakiwa wengi, na kwa hiyo swali halikomei kwa mchawi. Akiondolewa mchawi, wengi humgeukia mzazi, na akiondolewa mzazi, humgeukia Mungu. Injili ya Yohana katika sura yake ya tisa inasimulia jinsi wanafunzi walivyotaka kujua kama kipofu wa tangu kuzaliwa aliponzwa na dhambi yake au ya wazazi wake, na jinsi mwalimu wao alivyoyakataa machaguo yote mawili. Kitabu cha Ayubu nacho kinamaliza kwa kuwakemea marafiki waliokuwa na uhakika kwamba kila jipu lina kosa lake. Mahubiri yanayotangaza kwamba mtoto amefungwa na laana ya ukoo yanasimama upande wa marafiki hao. Katika mapokeo ya Kiislamu, Ghazali, katika karne ya kumi na moja, alifika mbali zaidi akisema kwamba hata moto na pamba havifungamani kwa lazima, na kwamba kinachoonekana kuwa sababu ni desturi tu ambayo Mungu ameiendesha. Mwenye imani hiyo anaweza kuipokea habari ya maikro-RNA kama maelezo ya desturi hiyo, asipungukiwe na kitu, wala asilazimike kumtafuta mkosaji wa kibinadamu, kwa kuwa kadari ni ya Mungu na haipitii wivu wa jirani.

Jambo moja linahitaji kukataliwa kwa upande mwingine pia. Wapo wanaoutazama ufundi wa maikro-RNA, jinsi herufi 22 zinavyoongoza ukuaji wa kiumbe kizima, na kusema kwamba hapo mkono wa Muumba umeonekana wazi. Hisia hiyo ni njema, na anayemshukuru Mungu kwa moyo wa mtoto uliojengwa sawasawa hana haja ya kuzuiwa. Lakini ikifanywa kuwa uthibitisho, inadai zaidi ya inavyoweza kulipa, kwa sababu virusi vya Epstein-Barr vinatumia ufundi uleule, kwa ustadi uleule, kuihifadhi seli itakayomuua mtoto, na hakuna njia ya haki ya kuuhesabu ustadi wa kwanza na kuufumbia macho wa pili. Imani iliyo imara haijengwi juu ya pengo la maarifa, wala juu ya uzuri uliochaguliwa. Ayubu hakuonyeshwa utaratibu wa maradhi yake. Alichopewa ni kwamba kilio chake kilisikiwa bila kuitwa kufuru. Pengine hilo ndilo jambo gumu zaidi kwa mchungaji wa kanisa au shehe anayeketi kando ya kitanda, kuliacha swali la "kwa nini huyu" libaki kilio, asiligeuze kuwa upelelezi.

Na bado swali la "nani" halifi kabisa, kwani lina makazi yake halali. Limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa upesi. Tangu enzi za Burkitt mwenyewe ilionekana kwamba uvimbe mkubwa wa taya unaweza kuyeyuka kwa siku chache baada ya dawa iitwayo siklofosfamaidi, na watoto wanaowahi tibakemikali kamili wanaweza kupona kabisa. Kwa watoto wa Mara njia hiyo hupitia zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha mara nyingi Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, na kila hatua ina nauli yake, ina siku zake za kusubiri, ina mtumishi ambaye aliliona jino lililolegea na kuling'oa bila kulitilia shaka taya. Katika njia hii wapo watu wenye wajibu, wenye ujuzi na wenye uwezo, yaani masharti yote matatu ambayo maikro-RNA haikuwa nayo: anayegawa vyandarua, anayepanga bajeti ya dawa, anayemfundisha mtabibu wa kijijini dalili za taya, na pia baba mwenye ng'ombe ambaye angeweza kuuza mmoja mapema. Lawama ikitafutwa hapa haimwonei mtu, kwa kuwa inahusu jambo ambalo lingeweza kufanywa vingine na bado linaweza kwa mtoto atakayefuata. Baraza la wazee, liwe iritongo la Wakuria au mkutano wa kijiji, lina uzoefu wa karne wa kupima nani alikuwa na wajibu gani siku gani, na uzoefu huo ungefaa sana kama ungehamishwa kutoka katika kumtafuta aliyeroga na kuwekwa katika kuuliza ni siku ngapi zilipita kati ya shavu kuvimba na safari ya Mwanza.

Siku hizo zinahesabika. Uvimbe unaoongezeka maradufu kila siku mbili, familia ikitumia majuma mawili kuzunguka kwa wapiga ramli, utakuwa na nafasi ya kujizidisha mara saba, yaani kuwa mkubwa mara zaidi ya mia moja, na kwa mtoto wa miaka sita tofauti hiyo ni kati ya taya lililovimba na tumbo, figo na uti wa mgongo vilivyokwisha kuvamiwa. Tiba nayo ikianza huchukua miezi. Katika miezi hiyo lazima awepo mtu wa kulala kando ya kitanda wodini, wa kumfuta mtoto matapishi usiku, wa kumshawishi anywe uji, na mwingine wa kubaki nyumbani na ndugu zake wadogo, kukamua na kupalilia, ili mama asilazimike kukatisha tiba katikati. Mtu huyo, katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti, ni bibi, au ni mke mwenza, yaani walewale ambao tuhuma huwafikia kwanza, na ambao, wakikwisha kutuhumiwa, hawawezi tena kumgusa mtoto huyo hata kwa kikombe cha maji.